Pengo Kwenye Ua wa Nyasi

4 Agosti

Jongoo mdogo wangu,

Hujambo huko mbali? Sisi tupo. Korongo nalo lipo, na linakula vizuri kutuzidi.

Ulipoondoka lilikuwa bado kule chini karibu na kituo cha basi, na watoto walikuwa wakiliruka kwa mchezo. Mvua zilizopita limepanda mlima kama mtu mwenye shughuli zake. Limemeza choo cha zamani, limemeza banda la kuku, na sasa liko kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nguzo moja ya kamba inaning'inia ukingoni. Bado naanika pale, maana sina pengine. Juzi gauni la mteja lilipeperuka likatua kule chini, likalala kwenye mchanga mwekundu limekunjua mikono, na kwa muda nilisimama nikilitazama nikasahau kwamba ni langu kulifuata.

Nyuma ya kamba kuna jiko, na nyuma ya jiko kuna chumba cha Baba. Mvua kubwa moja tu, Jongoo, na Baba ataamka kitanda kiko hewani. Nimemwambia tuhamie kwa kupanga mjini. Akaniuliza mjini nani anamjua.

Macho yake yamefifia. Ameacha kunyoa watu tangu siku alipomnyoa mwalimu mkuu unyusi mmoja, akamwambia amependeza. Lakini mkasi hautoki mkononi, anatembea nao uani akikata hiki na kile.

Ulisema mnapanda nyasi kushikilia kingo za barabara. Basi tushikilie na sisi. Na usiniulize kwa nini sipigi simu. Kwenye simu Baba hunipokonya, anakuuliza jambo moja tu, unarudi lini, nawe unacheka, mtandao unakatika. Barua haikatiki.

Dada yako,
Sindano

17 Agosti

Shikamoo Dada Sindano,

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya bustani ya miche, wakati wa kumwagilia. Asubuhi hapa kuna ukungu mzito, mtu humwoni kiunoni kushuka chini. Wafanyakazi wenzangu wanapita kama vifua vinavyoelea. Nilivyomaliza kusoma, ukungu ulikuwa umeondoka na miguu ya watu imerudi, nikahisi kama nilikuwa nyumbani kidogo.

Nimempa kondakta magunia mawili. Ndani mna miche ya nyasi za vetiva, tumeifunga mizizi kwa magunia mabichi ili isikauke njiani. Usiyadharau majani yake, ni makavu na hata mbuzi hayapendi sana. Kazi iko chini. Nyasi nyingine mizizi yake inatembea pembeni kama majirani wanaotafuta habari. Hii inazama moja kwa moja, inapita urefu wa mtu.

Panda mstari mmoja kati ya jiko na korongo, ukikata mteremko kwa upana, kutoka ukuta wa jirani hadi kwenye mawe. Mistari mingine mifupi iweke ndani ya korongo lenyewe, nyuma ya magunia ya mchanga. Ule wa juu ndio roho ya kazi yote. Lazima uwe usawa mmoja, na jicho usiliamini. Tafuta mpira wa levo kama wa waashi, ule unaoonyesha ndani, ujaze maji. Mmoja ashike mwanzo, mwingine ashike mwisho. Maji yakitulia sawa pande zote mbili, hapo ndipo mstari unapopita.

Miche ibanane kabisa, kidole kisipite. Na sikiliza hili, Dada, hata kama mengine utayasahau: usiache pengo. Ua mzima huyafanya maji yatandae na kuchoka. Ua wenye pengo ni bora usingekuwepo, maana maji yote yatapanga foleni yapite hapo, na yakipita yatachimba.

Karatasi hii ya pili msomee Baba. Mwambie nakuja kabla mvua hazijaanza.

Wako,
Jongoo

9 Septemba

Jongoo,

Marahaba. Magunia yalifika, na kondakta akaniuliza kama ninafuga ng'ombe wa siri.

Mpira wa levo niliuazima. Upande wa pili alishika Mama Mapacha, jirani yetu. Kila maji yakitulia anapiga chafya, maji yanaruka, tunaanza upya. Akacheka hadi akakaa chini na mpira mkononi, maji yakammwagikia, tukajaza tena. Ila nikwambie, kuna wakati yalitulia. Nilikuwa mwisho wa mpira huku na yeye kule mbali, kati yetu kuna mabonde na vilima vya uani, na maji yale yakasimama sawa kwake na kwangu kama yanajuana. Sikutaka kuweka kigingi. Nilitaka tuendelee kusimama hivyo.

Baadaye nikafunga uzi wangu mwekundu kutoka kigingi hadi kigingi. Mstari haukunyooka hata kidogo, ukapinda kama upindo wa sketi. Mama Mapacha akasema nimekosea. Nikamwambia mteremko ndio uliopinda, mimi nimeufuata tu kiuno chake.

Tumepanda wote, na mifupi ya korongoni nayo. Maji tunamwagia jioni, yale ya kufulia.

Ila kuna sehemu moja katikati, pale njia ya kutoka kituoni inapopandia hadi mlango wa jikoni, miche haikai. Asubuhi nakuta imeng'oka. Ni kuku wa Mama Mapacha, nafikiri.

Baba hajambo. Nilipomsomea kwamba unakuja kabla ya mvua, alinitaka nirudie hapo.

Sindano

20 Septemba

Shikamoo Dada,

Kuku gani hao wenye kuchagua? Kuku akiingia shambani hufukua kila mahali. Hawezi kung'oa sehemu moja, kila siku, akaacha miche ya jirani yake imesimama. Au mstari umekosa usawa hapo? Pima tena. Nimekutumia miche zaidi. Ipande leo hii, uizungushie miiba.

Nimeota nyumba yetu. Ilikuwa imesimama juu ya mizizi mirefu myeupe, na chini yake hakuna ardhi, kuna anga. Wewe unashona, Baba anamnyoa mtu nisiyemwona uso. Nikawaita kutoka chini, mkanitazama wote kwa upole kama mnaotazama mvua. Niliamka nikiwa na hofu, na hata sasa ninaandika naihofia ndoto yenyewe, ingawa haikuwa mbaya.

Mwambie Baba kazi zimebana kidogo, lakini nitakuja.

Jongoo

8 Oktoba

Mdogo wangu,

Karatasi hii ni yako peke yako.

Si kuku. Nilijua tangu mwanzo kwamba si kuku, nikaogopa kuandika.

Juzi alfajiri nilikaa dirishani. Baba alitoka na fimbo, akaenda moja kwa moja kwenye njia. Akapiga magoti. Aliitoa miiba mmoja mmoja, kisha akang'oa miche, taratibu sana, jinsi alivyokuwa anamwondolea mteja kitambaa shingoni. Hakuitupa. Aliipanga kwenye beseni langu la kufulia, akaimwagia maji, akaificha nyuma ya pipa. Halafu akasimama mlangoni pa njia ile kama askari, anatazama chini kituoni kwa macho yake yasiyoona hata mkono wake.

Nikatoka. Nikamwambia, "Baba, unataka tufe?"

Akasema, "Umeziba njia ya mwanangu."

"Atapita barabarani juu, Baba. Kuna mlango wa mbele."

"Mlango wa mbele ni wa wageni na wateja wako. Yeye alitoka kwa huku, atarudi kwa huku."

Nikamwambia nyasi si ukuta, utakapofika utaziruka. Akaniangalia kwa huruma kweli kweli. "Mtu anaruka ua akienda kuiba," akasema. "Mtu anayerudi kwao haruki."

Kila upande wa pengo nyasi zimeshika vizuri. Zimeota, na Baba ndiye anayezipunguza majani kwa mkasi zifikie magotini, anapitisha kiganja juu kuona kama zimelingana. Anazipenda, Jongoo. Anapapasa hadi anafika kwenye pengo, anasimama, anavuka kama mtu anayepita mlangoni, anaendelea upande wa pili.

Nifanyeje? Nikipanda, anang'oa. Nikimgombeza, hali chakula.

Sindano

15 Oktoba

Shikamoo Dada,

Nimecheka, kisha sikucheka.

Jaribu mawe. Panga mawe bapa hapo penye pengo yawe kama ngazi, atapata njia yake na maji yatapungua kasi. Si dawa kamili, lakini kwa sasa. Na mzoeshe kidogo kidogo, mwambie nitapita popote pale, njia ni njia.

Kuja nitakuja. Bosi amesema tusubiri msimu uishe. Labda mwisho wa mwaka, labda baadaye kidogo.

Jongoo

2 Novemba

Jongoo,

Mvua ya kwanza imenyesha, nayo haikuwa hata kubwa.

Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Maji ya uani yalifika kwenye nyasi yakazuiwa, yakatembea pembeni yakitafuta mahali, na mahali yalipewa. Yalikusanyika yote pale kwenye njia. Mawe niliyopanga yaligeuzwa kama sahani. Mvua ilipokatika, tulikuwa na shimo jipya linalonifika kifuani, nalo limefika chini ya kizingiti cha jikoni. Nimesimama jikoni napika, na chini ya sakafu nasikia mchanga unadondoka, punje punje, kama mtu anayemimina mchele polepole asimwamshe mtoto. Sauti ni nzuri. Ndiyo inayonitisha.

Nimemhamishia Baba kitanda upande wangu, kati ya cherehani na meza ya kukatia. Analala akinukia mafuta ya cherehani na anasema anaota ameshonwa.

Sasa nisikilize. Nimechoka kumsomea Baba barua zako kwa sauti nzuri. Kila barua yako ina "nitakuja" ndani yake, nayo kila mara imesogea mbele kidogo, na Baba anaiamini yote. Umeniachia nyumba, korongo na mzee, nikakubali bila kusema neno, lakini hili la kumwekea mlango mtu ambaye pengine haji, hapana. Nina hasira na wewe. Ninakupenda na nina hasira.

Unarudi kuishi hapa au hurudi? Kama unarudi, panda basi kesho, Baba akuone ukipita na tuzibe siku hiyo hiyo. Kama hurudi, mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kuliziba pengo hilo. Wewe tu ndiye unayeweza.

Sindano

11 Novemba

Jongoo,

Hujajibu. Leo asubuhi kizingiti kimepata ufa.

S.

13 Novemba

Dada yangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja, kondakta alikuwa mgonjwa. Usidhani nilinyamaza.

Sirudi. Nimeandika neno hilo na mkono haukukatika, basi niendelee. Nimeoa. Ni mwenzangu wa hapa bustanini, ndiye aliyefunga mizizi ya magunia yote niliyokutumia, kila fundo ulilofungua ni lake. Tuna mtoto wa kike, anatambaa sasa. Tumepata kibanda na kipande cha ardhi mwisho wa bustani. Kila nilipotaka kuwaambia niliona uso wa Baba, nikaandika "nitakuja," na nilipokuwa naandika niliamini. Hiyo ndiyo aibu yangu, kwamba niliamini kila mara.

Ungekuwa na haki ya kunichukia. Nakuomba tu umsomee Baba karatasi hii nyingine, yote, usiruke mstari na usilainishe.

Mdogo wako,
Jongoo

13 Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo.

Ninakuandikia jambo ambalo nilipaswa kulisema uso kwa uso. Mimi sirudi kuishi nyumbani, Baba. Si mvua hizi, si zijazo. Nina mke na mtoto huku. Nitakuja kuwaona, tutakuja sote watatu, lakini tutalala siku chache na tutaondoka tena.

Nasikia umeniwekea njia. Dada ameniambia jinsi unavyosimama pale asubuhi. Tangu nilipojua, kila alfajiri nikiingia kwenye ukungu wa bustani hii nahisi mtu ananitazama kutoka mbali, nami natembea na sifiki.

Maji yanapita kwenye njia hiyo, Baba. Mimi sipiti. Usiyape maji nyumba kwa ajili yangu. Nakuomba uizibe. Nyasi unazozipunguza kwa mkasi wako nilizikuza mimi kwa mikono yangu, na kila mche niliokutumia nilikuwa nautuma uje ukae na wewe, kwa kuwa mimi sikuweza. Uache ukae.

Mwanao

22 Novemba

Jongoo,

Nimemsomea. Sikuruka kitu. Alisikiliza mkono ukiwa juu ya cherehani, na nilipomaliza aliuzungusha ule mpini kidogo, sindano ikapanda na kushuka pasipo nguo. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mimi sikuchukii. Nililia kwa habari ya mtoto, halafu nikakaa nikafikiria mikono ya mkeo ilivyofunga yale mafundo. Nilikuwa nayasifu hata kabla ya kujua.

Beseni liko pale pale nyuma ya pipa. Baba haendi kwenye njia asubuhi. Anabaki kitandani ameelekea ukutani. Mawingu yamekaa juu ya mlima tangu jana na hayaondoki.

Sindano

10 Desemba

Mwanangu,

Anayeandika ni dada yako, anayesema ni mimi. Nimemwambia asinyooshe maneno yangu kama anavyonyoosha nguo za watu. Akinyoosha nitajua.

Marahaba. Mkeo mpe salamu. Mtoto mshike kichwa kwa niaba yangu.

Barua yako nilisomewa mara moja, ikatosha. Nilikasirika. Nilikula nimekasirika, nikalala nimekasirika. Nilikuwa najiambia kwamba mtoto wa kiume haandiki maneno kama hayo, dada yake ndiye ameyatunga ili apate kupanda nyasi zake. Nikakuita jongoo kweli kweli, mdudu wa kutambaa. Hapana, futa hapo. Acha. Acha hivyo hivyo.

Kisha siku moja niliamka nikiwa nimechoka kukasirika. Kulikuwa bado na giza jepesi na hewa ilinuka mvua. Nikaenda nyuma ya pipa. Miche ilikuwa imetoa mizizi mipya ndani ya beseni, mirefu, laini, nikaipitisha kwenye vidole kama nywele za mtoto. Dada yako alitaka kunisaidia, nikamkataza. Alichokifanya ni kujaza udongo kwenye lile shimo na kuegemeza magunia ya mchanga, yeye na Mama Mapacha, wakaniachia mahali pa kupiga magoti.

Nilipanda mmoja, nikatazama chini kituoni. Nikapanda wa pili, nikatazama. Unajua sioni. Nilitazama tu. Kila mche niliuuliza kama nisubiri kidogo, na kila mche nikaubana na mwenzake kwa kidole gumba, kama ulivyoagiza. Nilipofika wa mwisho, niliushika muda mrefu mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaupanda. Njia ikawa haipo. Nikalia kwa sauti, Mama Mapacha akaja mbio akidhani nimeanguka, akataka kuniinua. Nikamwambia aniache, nipo sawa, nimefunga mlango tu.

Mvua kubwa ilikuja mchana, siku chache baadaye. Tuliweka viti mlango wa jikoni, mimi na dada yako. Nikamwambia asitazame tu, anielezee. Akasema, Baba yanakuja, ni mekundu, yana haraka. Nikayasikia. Akasema yamefika kwenye nyasi. Sauti ikabadilika, mwanangu. Ile kelele ikashuka ikawa kama watu wengi wanaonong'ona. Akasema yamesimama, yanatanda, yanakwenda kushoto na kulia, uani kote kumekuwa kioo na anga limo ndani. Nikamuuliza, na pale katikati? Akakaa kimya nikadhani basi, nyumba imekwenda. Kumbe analia. Akasema yanapita katikati ya majani polepole, Baba, kila mahali sawa, na udongo yanauacha huku kwetu.

Tulikaa hapo hadi mvua ikaisha. Niliona, nakwambia niliona, hiyo mizizi inavyoshuka chini ya jiko, chini ya kitanda changu, chini ya korongo lenyewe, inashuka mahali ambako ni kimya. Dada yako anasema nilisinzia. Mwache aseme.

Nyumba ipo. Nimerudi chumbani kwangu.

Sasa nisikilize. Kwa kule chini hupiti tena, wala usijaribu kuruka. Utakapokuja na mkeo na mtoto, mtashukia juu barabarani, mtakuja mlango wa mbele, wanakopitia wageni. Utasimama hapo nje na utabisha hodi. Usiingie kabla hujabisha, hata ukikuta mlango wazi. Nataka nikusikie unaomba kuingia kwetu, ili na mimi nikujibu karibu. Neno hilo sijawahi kukuambia maishani mwako, maana hukuwahi kuwa mgeni.

Baba yako